Shusha Sauti, Mama

Zipu ya sanduku ilipasuka mbele ya ofisa wa forodha, na kitu cha kwanza kudondoka mezani kilikuwa gauni la kulalia la Mama.

Abiria wa basi zima walikuwa nyuma yao kwenye foleni. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilidaka gauni, akalisokomeza ndani pamoja na mashuka, madaftari na ndala, huku ofisa akitazama pembeni kwa adabu. Mama yeye alicheka.

"Mimi na zipu hatujawahi kuelewana," alimwambia ofisa, kana kwamba wamekua mtaa mmoja. "Nisaidie kamba, baba. Leo tunakwenda chuo, hatuwezi kurudi nyumbani kwa sababu ya zipu."

"Mama, shusha sauti."

Kushusha sauti Mama hakukujua. Alikuwa mpishi wa shule, na miaka ya kugombana na masufuria na wanafunzi wenye njaa ilimpa sauti ya kusikika mpaka uwanja wa mpira.

Kijana hakuitaka safari hii. Mjomba ndiye aliyeamua kwamba nchi ya watu haiendwi na mtu mmoja, lazima waende wawili, na mjomba akishaamua ndiyo basi. Tangu matokeo ya mtihani wa kuingia chuo yabandikwe, kijana alikuwa hali wala halali vizuri. Majirani walipokuja kutoa hongera, yeye alitokea mlango wa nyuma. "Ana haya huyu," walisema, wakaendelea kunywa chai.

Sanduku likafungwa kamba, fundo juu ya fundo. Kijana alilibeba hadi kwenye basi akiwa ameinamisha kichwa. Begi lake mwenyewe lilikuwa dogo, la mgongoni.

Ng'ambo ya kijia cha basi alikaa mama mmoja muuza viatu, mcheshi, pamoja na mpwa wake, binti mkimya aliyekumbatia faili kifuani. Basi halijaondoka vizuri, muuza viatu alikwisha jitambulisha, akasema anampeleka mpwa wake chuo cha ualimu.

"Na nyinyi je?"

Mama alifungua mdomo. Kijana akamuwahi.

"Tunakwenda hapo hapo."

"Wee! Hongera, baba! Mwaka huu wameanguka wengi, mtihani ulikuwa wa kukomoana. Hesabu haikukutoa jasho?"

"Kidogo tu," alisema kijana. "Asante."

Mama akafunga mdomo. Alimtazama mwanawe, kisha akageukia dirishani na kuanza kutazama nguzo za umeme zikipita. Kijana alipaswa kuona nafuu, lakini iliyomjia ilikuwa aibu nyingine kabisa, nzito kuliko ile ya gauni. Alijiona mdogo, na mchafu.

"Una bahati, mama," muuza viatu alisema. "Kijana mtulivu kama huyu!"

"Kwetu taa ilikuwa haizimwi," Mama alijibu taratibu. "Kusoma, alisoma. Hilo nitalisema popote."

Kijana akajifanya amelala.

Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi jioni. Asiyejiandikisha, nafasi yake anapewa mwingine; barua ya chuo ilisema hivyo bila huruma. Nao mpakani walikuwa wamepoteza nusu ya siku. Basi lilipoingia kituoni, muuza viatu na mpwa wake waliwahi teksi wakatokomea. Mama na mwanawe hawakupata nyingine, ikabidi wakimbie.

Mama alivua viatu. Alikimbia peku barabara nzima, gauni amelishika kwa mkono mmoja, viatu mkono wa pili, akiwauliza njia watu wote aliokutana nao. Kijana alimfuata na sanduku begani, kamba ikimkata.

"Mama, vaa viatu! Watu wanatutazama!"

"Wakishatazama wanipishe!"

Walinzi wa geti walicheka. Wanafunzi waliokaa kwenye ngazi nao wakacheka. Kijana aliangalia vidole vyake vya miguu mpaka mlangoni mwa ukumbi, ambako karani alikuwa ameshika komeo tayari.

"Bado mnaingia? Haya, upesi. Wanafunzi mstari huu, wasindikizaji benchi lile la ukutani."

Muuza viatu alikwisha kaa. Alipowaona uso ulimchangamka, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Njoo mama, njoo upumzishe miguu. Tuwaache watoto wahangaike."

Mama alivaa viatu vyake. Alitoa bahasha kwenye mkoba, akatoa na miwani ya kusomea, akaipangusa kwa ncha ya mkono wa gauni. Kisha akamvuta mwanawe karibu na, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akashusha sauti.

"Mwakani utaurudia mtihani," alimnong'oneza. "Siku hiyo benchi lile nitalikalia mimi."

Akaenda kusimama mstarini, nyuma ya yule binti mwenye faili.

Kijana alibaki katikati ya ukumbi na lile sanduku lililofungwa kamba.

"Na wewe?" karani alimuuliza. "Mwanafunzi au msindikizaji?"

Alilitua sanduku.

"Nimemleta mama," alisema.

Muuza viatu alimtazama, akamtazama Mama pale mstarini, akamtazama tena yeye. Kisha akajisogeza, akampisha nafasi kwenye benchi.