Picha ya Debe

Wewe umewahi kuulizwa jambo, mtu mwingine akakujibia nawe umekaa hapo hapo?

Gathoni alikuwa amezoea. Tangu maneno yaanze kumtoroka, binti yake alimsemea kila mahali, hata hapa hospitalini Thika, alipopimwa ubongo wakati wa mazoezi ya kuongea. Nyaya za mashine zilibandikwa kichwani kwa gundi baridi iliyomteremkia hadi sikioni. Asipojibu mwenyewe leo, daktari angekomesha mazoezi.

Daktari aliinua picha ya debe, kama lile Gathoni alilolijaza kahawa miaka thelathini kwenye mashamba ya Ruiru. Kalamu za mashine zikarukaruka kwenye karatasi.

"Ni debe," binti akadakia. "Daktari, andika tu hajui, twende nyumbani."

Gathoni akamfinya mkono kwa nguvu. Midomo ikafunguka.

"Nyamaza! Na... naongea mimi."