Kidole cha Pacha

"Mgonjwa aweke kidole hapa," alisema karani wa mapokezi, akisogeza kimashine chenye taa nyekundu.

Mimi na pacha wangu tukatazamana. Sura zetu hata shangazi huzichanganya, kwa hiyo tuliona kadi yangu ya bima itatutosha wawili. Vidole hatukuvifikiria kabisa.

Pacha alikuwa amejikunja, ameshika tumbo, midomo imempauka. Yeye hubeba saruji kutwa, hana bima. Mimi kazi yangu ni kuzunguka kwenye kiti cha ofisini, na bima ninayo. Tumbo moja, siku moja. Sijui nani alitugawia hivi.

"Jamani, mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, nikaweka kidole. Taa ikawa kijani.

Muuguzi akaleta kiti cha magurudumu mpaka miguuni pangu. "Kaa. Na huyu mwenzako mbona anatoka jasho hivi?"

"Ana huruma sana, dada."

Pacha akajaribu kucheka. Kicheko kikamkatikia kooni, akaanguka kwa magoti.

Muuguzi akambonyeza tumbo, chini upande wa kulia. Pacha akapiga yowe. Muuguzi akanitazama mimi, nimesimama wima kama mlingoti wa bendera. Kisha akamkalisha pacha kwenye kiti, akamfunika shuka hadi kidevuni, mikono yote ndani.

"Wewe usibanduke ubavuni kwake," akaninong'oneza. "Mlango wa upasuaji una kimashine kingine."