Mikwaruzo ya Tupa

Hapana, hakuna aliyekufa. Hayo ya kufa waliyaongeza watu wa kijiweni. Meli iliingia maji, chumba cha jenereta kikajaa hadi magotini, fundi mmoja akateleza akavunjika mkono, basi. Ikavutwa kurudi bandarini kama mbuzi mkaidi.

Na aliyechagua ile vali iliyopasuka ni yeye, mchaguzi wa ghala la vifaa vya meli. Vali, kwa usiyeijua, ni koki kubwa yenye gurudumu juu, ukizungusha huku inafungua, ukizungusha kule inafunga. Koki ya nyumbani ikivuja unatega ndoo. Ya meli ikivuja, ndoo ni wewe.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Vali zinakuja zimepakwa rangi, ya bronzi na ya shaba ya njano zinafanana kama mapacha. Lakini ya njano, maji ya chumvi yanaitafuna kimyakimya mpaka inakuwa kama biskuti. Basi yeye aliikwaruza kila moja shingoni kwa tupa, mikwaruzo miwili iliyokatana, aone rangi ya ndani. Akiona wekundu, inakwenda melini. Akiona njano, inabaki kwa kazi za nchi kavu.

Siku mafundi walipomwaga vipande vya vali ile mezani, vilikuwa vya njano. Shingo yenyewe haikupatikana.

"Hii ndiyo bronzi yako?" bosi akamuuliza, watu wote wanasikia.

Yeye alikumbuka wekundu. Aliukumbuka kabisa. Lakini chuma ndicho hicho, kipo mezani.

"Labda macho yangu, bosi."

Bosi akanyoosha mkono. Yeye akatoa tupa mfukoni, akampa. Kuanzia Jumatatu, akaambiwa, atapokea ufagio.

Ufagio angeuvumilia. Kilichomchoma ni baba mkwe wake. Mzee yule, fundi bomba wa melini, ndiye aliyemsemea akapata kazi. Na ndiye aliyekuja ghalani kuichukua vali ile, akaenda kuifunga kwa mikono yake. Sasa jina la mzee wa watu limechafuka kwa ajili ya macho ya mkwewe.

Jumapili wakaitwa ukweni kula. Njiani aligeuka mara kadhaa arudi nyumbani, mkewe akamshika shati.

"Utawakimbia mpaka lini? Watakula wewe?"

Walipoingia, shemeji yake, mdogo wa mkewe, hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Shemeji, kijiko chako chagua mwenyewe. Changu usinichagulie, mimi sijui kuogelea."

Wakacheka. Hata yeye alijaribu kucheka, mdomo ukagoma.

"Mwacheni mtoto wa watu," baba mkwe akasema, anakitazama kikombe chake. "Chuma ni chuma. Yeyote angekosea."

Wema ule ukamzidishia aibu. Afadhali angetukanwa. Akatamani kupiga magoti pale pale, aombe radhi, lakini mama mkwe akatokea jikoni na sufuria inafuka moshi.

"Chakula kinapoa. Mkwe wangu, wewe tu hujanawa. Nenda nje kwenye tangi."

"Atanawia ya kwenye jagi," mzee akasema haraka.

"Jagi halina kitu. Nenda, mwanangu, fungua lile gurudumu jekundu. Usiliogope, linazunguka kama limepakwa siagi. Mzee wangu ananipenda bado: asubuhi alitoka na koki ya zamani, jioni akanirudia na hii. Haijavuja hata tone."

Akatoka. Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba, kivulini. Akazungusha, maji yakaja kwa nguvu, akanawa taratibu, kama mtu anayechelewesha safari. Alipotaka kufunga, akashika koki shingoni kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea tu. Kidole gumba kikapita juu ya rangi mpya, kikakwama. Chini ya rangi palikuwa na mikwaruzo miwili, iliyokatana. Akakwangua kwa ukucha: wekundu.

Akakaa na kidole pale mpaka wakamwita.

Ndani, baba mkwe alikuwa ameinamia sahani tupu.

"Maji yanatoka?" akauliza, bila kuinua uso.

Yeye naye akatazama chini.

"Yanatoka, baba."

Mzee akasogea kumpa nafasi ubavuni pake, na wote wakakaa kula.