Mawe ya Agripina

Nilisimama mlangoni mwa ofisi yetu hapa Manyoni, barakoa usoni. Tangu korona iingie nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, maana naishi na mama, na mama ana pumu. Mimi nimechanja. Agripina, tunayekaa naye chumba kimoja hapa ofisini, amekataa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Bado sijachanja, nisikudanganye."

Nikageuka niondoke. Ndipo upepo uliponipiga shingoni.

Madirisha yote yalikuwa wazi, yale tusiyofungua kiangazi chote kwa kuogopa vumbi na karatasi kupeperuka. Juu ya kila faili kulikuwa na jiwe lililooshwa, halijakauka.

"Nimeyaokota korongoni alfajiri," alisema. Nywele zake zilishajaa vumbi. "Mama anapumuaje siku hizi?"

Nikavuta kiti changu.