Albamu ya Peke Yako

Siku hizi kila mtu hutungiwa albamu yake na mtambo, na sheria inakataza wimbo wa mmoja kupewa mwingine. Kwa hiyo nilipomsikia jirani yetu Tausi akianika nguo huku akipiga mluzi kiitikio cha mume wangu Shaibu, kile anachokiimba bafuni akijitaja jina, nikajua wamelala wakikisikiliza pamoja.

"Wallahi, sijawahi hata kuingia kwake," Shaibu aliapa.

"Mtambo haukosei. Toka!"

Akafungasha virago, akaenda zake.

Ijumaa albamu yangu mpya ikafika. Wimbo wa kwanza ulifunguka kwa gitaa lile lile, kikaja kiitikio kile kile. Palipokuwa na jina la Shaibu, wameweka langu.