Ndege ya Kuwarudisha Kwao

"Warudi kwao!" Lokwawi alifoka kwenye kipaza sauti, na uwanja wa Kakuma ukalipuka kwa vigelegele.

Raha iliyoje! Kwa kiti hiki cha uwakilishi wadi alikuwa ameuza ngamia wote wa babake, na mzee alishamwambia kwamba bila kiti asikanyage boma lake. Sasa watu walikuwa wakiruka mpaka vumbi likafunika gari la kampeni.

"Nikichaguliwa, kila mkimbizi atapanda ndege pale uwanja wa ndege wa Loki, bure, na sufuria zake!"

"Lini?" akauliza kwa sauti mama mmoja mrefu wa mstari wa mbele, machozi yakimlengalenga.

"Kura zikihesabiwa tu, mama!"

Yule mama akaangua kilio cha furaha, na Lokwawi naye nusura alie. Kumbe wananchi walikuwa wamechoka hivi! Akashuka, akamvalisha fulana yenye picha yake kwa mikono yake mwenyewe.

Kando, juu ya pikipiki zao, walikaa wanaume kadhaa waliokunja nyuso. Hawakupiga hata kofi moja.

"Wale ndio wakimbizi," Lokwawi akamnong'oneza Gitau, dereva wake. "Mimi mtoto wa Lodwar, mkimbizi namjua kwa macho tu."

"Lakini mdosi, yule mmoja anauliza atamuuzia nani mbuzi wake."

"Fukuza wote!"

Wakaondoka polepole, wakimtazama Lokwawi kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi mgonjwa.

Machi 2013 ikafika, watu wakapiga kura, matokeo yakatangazwa. Waliomchagua Lokwawi wangeenea kwenye pikipiki moja.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na kelele mlangoni pa nyumba aliyopanga pale Kakuma. Akachungulia, akaona fulana zake. Uwanja mzima ulikuwa umekuja, na yule mama mrefu mbele. Moyo ukamlainika. Ngamia wameisha, baba hamtaki, lakini angalau watu wake wamekuja kumpa pole.

"Mama," akasema kwa uchungu, "mlinishangilia vile! Kura zenu zilienda wapi?"

"Kura?" yule mama akashangaa, akitua godoro na sufuria zake chini. "Sisi watu ya Bor, huko Sudan Kusini, tutapiga kura ya Kenya aje? Sisi tumekuja kupanda ndege."