Kuomba Radhi kwa Moto Wetu

Uvumi ulinikaa kichwani: eti moto uliochoma ghala la jirani ulitokana na nguo alizoanika binti yangu, Fumie, juu ya hita yetu ya mafuta ya taa. Ulikuwa wa kweli.

Tukaenda kumwomba radhi, tumebeba boksi la keki. Nikamwinamisha Fumie kichwa kwa kiganja shingoni, kama ilivyo desturi yetu ya kuomba radhi. Nywele zake bado zilinuka moshi.

"Jamani, Mama Fumie, si yamekwisha!" jirani akasema, akinyoosha mikono apokee boksi.

"Samahani sana, ila upepo nao…" Fumie akaanza.

Mikono yake ikarudi kwenye aproni bila boksi. "Haya. Asanteni kwa kuja."

Sasa mtaa mzima unatusalimia kwa adabu, na hakuna anayepiga hodi.

Wewe mwenye binti, mwambie: asianike nguo juu ya hita. Asijitetee mlangoni kwa mtu. Asiinue kichwa kabla mlango haujafungwa.